Kigae Kilichoinuka Juu ya Paa



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni kigae kimoja kisichokaa vizuri juu ya paa. Nyumba nyingi za zamani za Mombasa na Nairobi ziliezekwa kwa vigae vya udongo vya namna ya Mangalore, katika Bara Hindi, ambako Misioni ya Basel ilianza kuvitengeneza kiwandani katika miaka ya 1860. Kila kigae kina vijino chini yake vya kushika ubao mwembamba, na mifereji pembeni ya kuungana na jirani yake. Kikiinuka, upepo hupata mlango, na mvua hufuata nyuma.

Maji hayo hayadondoki sikuzote penye tundu. Huteremka kwa boriti mpaka mahali pengine, na mbao huoza kwa siri kabla mwenye nyumba hajaliona doa darini.

Basi ingieni chini ya paa wakati wa mchana, mtazame panapopenya mwanga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini kigae kilichoinuka hakizibwi kwa saruji. Saruji hupasuka kwa jua, huzuia maji ndani, na kigae huvunjika siku ya kutolewa. Yafaa kuitafuta sababu.

Inueni kidogo vigae vya juu yake kwa kabari za mti, mkitelezeshe nje kile kibaya. Pengine mtaona majani makavu, kiota cha ndege au bonge la chokaa katika mfereji: safisheni. Pengine kijino kimevunjika: wekeni kigae kingine cha kiwanda kile kile, maana vya viwanda mbalimbali mara nyingi havipatani. Pengine ubao umepinda au umeliwa na mchwa: hapo kigae kipya hakifai kitu mpaka ubao ubadilishwe. Ikiwa safu nzima imeinuka, iondoeni, mkaanze tena kutoka chini kwenda juu, ili kila kigae kikifunike kilicho chini yake.

Msipande paa lililolowa, wala msikanyage katikati ya kigae. Lazeni ubao mpana uchukue uzito wenu. Tena mtu asimame chini awazuie watoto, kwa kuwa kigae cha kilo mbili na zaidi kikianguka hakichagui kichwa.

Fanyeni kazi hii kabla ya masika. Mvua ikisha kuanza, fundi ni mmoja, na wanaomwita ni mji mzima.