Dakika Zilizotangulia Kambi



Tarehe 2 Julai 2023, zikiwa zimebaki siku 18 Kombe la Dunia la Wanawake lianze Australia na New Zealand, timu ya taifa ya Afrika Kusini, Banyana Banyana, ilipangiwa mechi ya kuagwa dhidi ya Botswana katika uwanja wa Tsakane, mashariki ya Johannesburg. Kikosi kilichoteuliwa kikagoma kucheza. Wachezaji walikuwa na kinyongo cha mikataba na malipo, na juu ya hapo waliuona uwanja wenyewe kuwa wa kuwavunja miguu kabla hawajapanda ndege. Chama cha soka kikaokoteza kikosi kingine, ndani yake akiwemo msichana wa miaka 13, na Botswana ikashinda 5–0. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 2 Agosti, huko Wellington, wale waliogoma waliifunga Italia 3–2 kwa bao la Thembi Kgatlana katika dakika za nyongeza, na Afrika Kusini ikaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mtu anayeamini kwamba timu huandaliwa katika wiki za mwisho kabla ya mashindano ana kazi ya kulieleza jambo hili. Maandalizi mabovu kuliko hayo sijui angeyatafuta wapi.

Kwetu Tanzania, neno maandalizi limekuwa jina jingine la kambi. Kikosi kikitangazwa, maswali ya waandishi na majibu ya viongozi yanafanana: timu imeingia kambini lini, imefikia hoteli gani, itacheza mechi ngapi za kirafiki, itaondoka siku ngapi kabla. Timu ikirudi imefungwa, lawama huenda kulekule: kambi ilikuwa fupi, posho zilichelewa, hali ya hewa ilikuwa ngeni. Hoja yangu leo ni moja. Timu ya taifa ya wanawake haiandaliwi kambini. Huandaliwa katika dakika za mechi za ushindani ambazo kila mchezaji amecheza kwenye klabu yake katika misimu miwili au mitatu kabla ya kuitwa, na kambi huvuna kilichokwisha kulimwa. Wanasiasa wetu hupenda kusema ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada, nao huusema usemi huo kuhusu kila kitu isipokuwa soka.

Tufanye hesabu kidogo. Ligi yenye timu 10, kama ilivyokuwa Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania katika misimu ya karibuni, humpa mchezaji mechi 18 kwa msimu, yaani dakika 1,620 kama hakukosa hata moja. Ligi ya Hispania ina timu 16, na mechi 30 ni dakika 2,700, kabla hatujagusa makombe. Tofauti ya msimu mmoja ni mechi 12, ya misimu miwili ni mechi 24. Sasa chukua kambi nzuri kabisa, ya mwezi mzima, yenye mechi tatu za kirafiki: ni dakika 270. Hakuna kocha duniani, awe Bakari Shime wa timu yetu ya taifa au mwingine yeyote, anayeweza kuziba pengo la dakika 2,160 kwa dakika 270, tena za kirafiki, ambamo wachezaji hubadilishwa kama abiria wa daladala.

Hata hivyo idadi ya dakika haitoshi, kwa sababu dakika nazo zina uzito. Mfikirie beki wa kati wa timu kubwa katika ligi ambayo klabu mbili au tatu zinazizidi nyingine zote mbali. Mechi nyingi za msimu wake huishia mabao sita au saba kwa bila. Anapokea mpira, anainua kichwa, ana sekunde tatu za kuchagua, anapiga pasi. Akipokea vibaya, hakuna wa kumwadhibu, basi mwili wake unajifunza kwamba kupokea vibaya hakuna gharama. Anasimama huku mguu wa nyuma umenyooka, uso ukielekea goli lake mwenyewe, na kwa miezi minane hakuna straika anayemwonyesha kosa hilo. Siku atakapokutana na mshambuliaji aliyezoea kumnyang'anya beki mpira ndani ya sekunde moja, kocha atapiga kelele pembeni mwa uwanja kuhusu umakini. Umakini anao. Asichonacho ni zile adhabu ndogondogo za kila wiki ambazo zingekwisha kuurekebisha mguu ule bila yeye kujua.

Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ni ushahidi wa karibu. Mara ya kwanza walipofika fainali za Mataifa ya Afrika, mwaka 2010 huko Afrika Kusini, walifungwa mechi zote tatu. Walikaa miaka 15 wasirudi. Waliporudi, Julai 2025 nchini Morocco, maandalizi ya mwisho yalikuwa ya kuridhisha: mwezi Juni walikuwa wametwaa ubingwa wa CECAFA Dar es Salaam, kwa hiyo walikwenda wakiwa na mechi miguuni na ari kifuani. Walifungwa na Mali 1–0. Wakaongoza dhidi ya Afrika Kusini, bingwa mtetezi, kisha wakasawazishiwa kipindi cha pili. Dhidi ya Ghana walienda mapumziko wakiwa 1–1, wakatoka wamefungwa 4–1. Mechi tatu ni chache mno kujengea kanuni, nakiri. Lakini ziangalieni hizo mbili za mwisho. Kwa dakika 45 timu yetu ilicheza sawa na mataifa yaliyoizoea michuano hii, na mpango wa kocha ulionekana. Hiyo ndiyo kazi ya kambi, na ilifanyika. Kilichopungua ni kile kinachohitajika mpango unapochoka pamoja na miguu, nacho hakipatikani kwa wiki nne. Na tulinganishe 2025 na 2010: katikati hapo kuna Simba Queens iliyoshika nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022, JKT Queens, Yanga Princess, na wachezaji kama Clara Luvanga aliyekwenda Al Nassr ya Saudi Arabia na Aisha Masaka aliyepitia Häcken ya Sweden kabla ya Brighton ya Uingereza. Pointi ile moja dhidi ya Afrika Kusini ilipikwa huko.

Kuna pingamizi ambalo kila kocha wa vijana atalitoa, nalo ni zuri. Serengeti Girls, timu ya wasichana chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia India mwaka 2022, wakafungwa na Japani 4–0, wakaifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali. Junior Starlets wa Kenya walifika Kombe la Dunia la umri huohuo mwaka 2024, huko Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico 2–1. Wasichana hawa hawakuwa na misimu mingi ya ligi nyuma yao. Kwa kiasi kikubwa waliundwa kambini. Je, hoja yangu haijavunjika? Naona imeimarika. Katika umri wa miaka 16, msichana wa Ufaransa naye bado hajacheza dakika nyingi za ligi kubwa, na kambi ndefu inaweza kumfikisha wa kwetu alipo mwenzake. Umbali huanza kutanuka baadaye, kati ya miaka 17 na 22. Yule wa Ufaransa anaingia kikosi cha kwanza cha klabu, anaanza kupigwa vikumbo na wanawake wa miaka 28, kila wiki. Wa kwetu, kama hakuolewa au hakurudishwa kwao asaidie biashara, anasubiri kambi nyingine. Tunashangaa kwa nini watoto wetu wanafika robo fainali na dada zao hawavuki makundi, na jibu liko katika ile miaka mitano ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni maandalizi.

Pingamizi la pili linatoka kwa mabingwa wenyewe. Septemba 2022 wachezaji 15 wa Hispania waliandika kujitoa timu ya taifa. Ni watatu tu kati yao waliokwenda Kombe la Dunia, na ndani ya mashindano Japani iliwafunga 4–0. Bado walitwaa kombe. Nigeria nayo ina historia ndefu ya kudai haki zake hadharani: mwaka 2016, baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika, wachezaji waliandamana Abuja, na mwaka 2022 waligomea mazoezi wakiwa Morocco. Julai 2025 wakatoka nyuma kwa mabao mawili na kuifunga Morocco 3–2 mjini Rabat, taji lao la kumi. Wapo wanaotumia mifano hii kusema kwamba mpira hauna kanuni, na viongozi wengine, kwa sauti ya chini, kwamba migogoro haina madhara. Nasoma kinyume. Uti wa mgongo wa Hispania ulitoka Barcelona, klabu iliyokuwa imetwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwezi Juni 2023, wiki chache kabla ya Kombe hilo la Dunia. Nahodha Rasheedat Ajibade na kipa Chiamaka Nnadozie wa Nigeria walikuwa wamekomaa katika ligi za Hispania na Ufaransa. Timu hizi ziliishi kwa akiba iliyowekwa na wengine. Taifa lisilo na akiba hiyo likiiga migogoro yao litaambulia migogoro tu.

Je, tupeleke nyota wawili watatu nje, yaishe? Malawi ilikuwa na dada wawili, Tabitha na Temwa Chawinga. Tabitha aliongoza kwa mabao ligi ya Italia msimu wa 2022/23. Temwa alifunga mabao 20 na kuwa mchezaji bora wa ligi ya Marekani mwaka 2024. Hadi wakati huo Malawi ilikuwa haijafika hata mara moja fainali za Afrika. Zambia inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Barbra Banda aliyekuwa Shanghai na Racheal Kundananji aliyekuwa Madrid CFF walitosha kuifunga Ujerumani 3–2 katika mechi ya kirafiki huko Fürth, wiki mbili kabla ya Kombe la Dunia 2023. Kisha kipa wa kwanza, Hazel Nali, akaumia goti siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Katika mechi hiyo, dhidi ya Japani, kipa wa pili akatolewa kwa kadi nyekundu. Zambia ikafungwa 5–0, na mechi iliyofuata, dhidi ya Hispania, 5–0 tena. Si haki kumlaumu kipa yeyote kwa mabao hayo. Swali langu ni la mbali zaidi: kipa wa tatu wa taifa lolote la ukanda wetu anacheza wapi, mechi ngapi, na anapigiwa mashuti mangapi ya maana kwa mwaka?

Goti la Nali linanileta kwenye mwili. Wanawake huchanika kano ya mbele ya goti mara mbili au tatu zaidi ya wanaume katika soka, na mapumziko yake ni miezi tisa au zaidi. Kinga ipo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17: vilabu vilivyofanya mazoezi maalumu ya kupasha mwili, ya dakika 20, msimu mzima, vilipunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine wala daktari bingwa. Yanahitaji kurudiwa kila wiki, na mwenye wiki ni klabu. Kambi ikimpokea mchezaji aliyekaa bila mechi miezi mitatu, kisha ikampa mazoezi mara mbili kwa siku ili kufidia, inalitafutia goti hilo hatari zaidi.

Nitaambiwa ligi ni ghali na sisi hatuna fedha. Morocco inatajwa kama mfano wa utajiri, na kweli fedha wanazo. Lakini angalieni walizielekeza wapi. Kuanzia 2020 shirikisho lao lilianzisha madaraja mawili ya ligi ya kulipwa ya wanawake na kuzisaidia klabu kulipa mishahara. Mwaka 2022 AS FAR ya Rabat ikawa bingwa wa klabu Afrika, na katika Kombe la Dunia 2023 timu ya taifa, baada ya kunyukwa 6–0 na Ujerumani, ilizifunga Korea Kusini na Kolombia 1–0 kila moja na kufuzu huku Ujerumani ikirudi nyumbani. Ni kweli pia kwamba wachezaji wao wengi walizaliwa Ulaya. Bao dhidi ya Kolombia lilifungwa na Anissa Lahmari, mzaliwa wa Ufaransa. Ila lile dhidi ya Korea lilifungwa na Ibtissam Jraïdi, aliyekulia AS FAR. Nasi hatuhitaji kuanza na mishahara ya Rabat. Gharama ya hoteli na tiketi za kambi ndefu inaweza kulipia usafiri wa klabu za mikoani ili ligi iongezewe mzunguko wa tatu. Mechi 18 zingekuwa 27.

Sisemi kambi ifutwe, wala simpi kiongozi yeyote kisingizio cha kuchelewesha posho. Kambi ina kazi zake: mipira ya kona, mawasiliano ya kipa na mabeki, kuamua nani apige penalti. Siku 10 hadi 14 zinatosha kwa hayo, wachezaji wakija wamekwisha iva. Ninachopendekeza hakihitaji bajeti. Siku kikosi kinapotangazwa, mbele ya kila jina iandikwe idadi ya dakika za ushindani alizocheza mchezaji huyo katika miezi 18 iliyopita, na kwenye ligi gani. Waandishi watapata cha kuuliza zaidi ya jina la hoteli. Na wakipokea karatasi hiyo, waanze kuisoma kutoka kwa kipa wa tatu.