MADA YA MKUTANO MKUU WA TAWI: JE, UWAZI NDIO ULIOUA CHAMA CHA GORBACHEV?



Hii ni mada niliyoiwasilisha kwenye mkutano mkuu wa tawi Jumapili. Baadhi yenu mlikuwa msibani, wengine mvua iliwazuia, na mmeniomba niitume humu. Nimeiandika kama nilivyoisema. Ni ndefu, isome ukiwa umetulia. Maswali yaje kwenye kikao, tusirushiane sauti usiku.

---

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa halmashauri ya tawi, ndugu wanachama wenzangu,

Mwezi uliopita, tulipokuwa tunajadili uhakiki wa daftari la wanachama, mzee wetu mmoja alisimama akasema: "Katibu, angalia sana. Gorbachev naye alianza hivi hivi na uwazi wake, na chama kikafa." Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani neno lile halikuniacha. Mzee anastahili jibu. Kama uwazi unaua chama, basi tufunge daftari na tusilifungue tena. Kama kilichoua ni kitu kingine, tukijue, maana huenda na sisi tunacho.

Mimi si mwanahistoria. Nimesomea uhasibu ngazi ya stashahada. Kwa hiyo habari ya Muungano wa Kisovieti nitaisoma kama mtu wa hesabu anavyosoma kitabu cha fedha: kilichoandikwa, kilichokuwepo kweli, na tofauti kati ya viwili hivyo.

*1. CHAMA KILIVYOKUWA*

Mikhail Gorbachev alichaguliwa Katibu Mkuu Machi 1985 akiwa na miaka 54. Chama kilikuwa kimezika makatibu wakuu watatu katika muda usiofika miaka mitatu: Brezhnev Novemba 1982, Andropov Februari 1984, na Chernenko Machi 1985. Uongozi ulikuwa umezeeka, na waliokuwa chini walisubiri tu.

Kwenye karatasi, hata hivyo, hakikuwepo chama chenye nguvu kama kile. Katiba ya 1977, ibara ya 6, ilikipa nafasi ya kuongoza taifa zima. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 kilikuwa na wanachama wapatao milioni 19. Kila kiwanda, kila shamba la ushirika, kila chuo na kila kikosi cha jeshi kilikuwa na tawi lake, lenye katibu, daftari na makusanyo ya ada kama sisi. Naomba mwishike hiyo namba, milioni 19, kwa sababu tutairudia.

*2. HESABU ZILIVYOPIKWA*

Chukueni mfano wa pamba ya Uzbekistan. Moscow ilikuwa inataka pamba zaidi kila mwaka. Kiongozi wa chama wa Uzbekistan, Sharaf Rashidov, aliyeshika nafasi hiyo tangu 1959 hadi alipofariki 1983, alikuwa anaahidi zaidi kila mwaka. Shamba halikuweza kutoa kiasi hicho. Mwenyekiti wa shamba akaongeza kidogo kwenye taarifa ili asigombezwe na wilaya. Wilaya ikaongeza ili isigombezwe na mkoa. Mkoa ukaongeza pia. Ikafika Moscow pamba ambayo haikuwahi kuota ardhini, na Moscow ikailipa. Wapokeaji viwandani wakapewa rushwa wathibitishe kuwa mzigo umefika.

Kesi zilipoanza, maofisa wengi walianguka. Mkwe wa Brezhnev mwenyewe, Yuri Churbanov, aliyewahi kuwa naibu waziri wa mambo ya ndani, alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 1988.

Angalieni jinsi kosa lilivyoanza. Hakuna aliyekaa chini akasema "leo tuidanganye nchi." Kila mmoja aliongeza kidogo tu, tena kwa sababu ambayo yeye aliiona ni ya maana.

Huko juu nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka baada ya mwaka bajeti ilitangazwa kuwa imesimama sawa, mapato yanatosha matumizi. Ilipofika Oktoba 1988 waziri wa fedha alikiri hadharani kuwa bajeti ina nakisi. Pengo lilikuwa linazibwa kwa akiba za wananchi zilizowekwa benki na kwa kuchapisha noti. Matumizi ya jeshi yalikuwa yanatangazwa kuwa kama rubli bilioni 20 kwa mwaka. Mei 1989 Gorbachev akasimama mbele ya wabunge akataja bilioni 77.3. Mhasibu akiona tofauti ya namna hiyo anajua kwamba hilo si kosa la kujumlisha.

*3. CHERNOBYL: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA*

Usiku wa kuamkia Jumamosi, 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Mji wa Pripyat wenye watu karibu 50,000 ulikuwa jirani kabisa. Asubuhi watu waliendelea na shughuli zao na watoto walicheza nje. Walihamishwa Jumapili mchana, saa kama 36 baada ya mlipuko.

Ulimwengu haukuambiwa na Moscow. Jumatatu tarehe 28, wafanyakazi wa kinu kimoja cha Uswidi waligundua mionzi kwenye viatu vya mwenzao, na Uswidi ikaanza kuuliza imetoka wapi. Jioni ile ndipo televisheni ya Moscow ikasoma tangazo fupi sana. Tarehe 1 Mei, mjini Kyiv, kilomita kama 100 kutoka kwenye kinu, gwaride la Mei Mosi lilifanyika na watoto wakapita barabarani. Gorbachev mwenyewe alizungumza na wananchi kwenye televisheni tarehe 14 Mei, siku 18 baada ya mlipuko.

Hapo alikuwa amekaa madarakani zaidi ya mwaka, na neno uwazi, kwa Kirusi *glasnost*, alikuwa ameshaanza kulitumia. Kwa hiyo tuwe wa haki: mtu huyo huyo wa uwazi alichelewa siku 18 jambo lilipokuwa la kutisha. Kusema uwazi ni rahisi siku ambayo huna la kuficha. Lakini baada ya Chernobyl hata viongozi waliokuwa wagumu waliona kwamba uongo sasa unaua watu wao wenyewe.

*4. UWAZI ULILETA NINI*

Kuanzia 1987 mambo yalifunguka kweli. Magazeti yakaandika kuhusu foleni, rushwa na waliouawa enzi za Stalin. Vitabu vilivyopigwa marufuku vikachapishwa. Machi 1989 ukafanyika uchaguzi wa Baraza la Manaibu wa Wananchi, na majimbo mengi yalikuwa na wagombea zaidi ya mmoja. Wapo viongozi wa chama waliogombea peke yao na bado wakashindwa, kwa sababu mpiga kura aliruhusiwa kukata jina. Kiongozi wa chama wa mkoa wa Leningrad, Yuri Solovyov, ni mmoja wao. Alikuwa peke yake kwenye karatasi, na hakupata nusu ya kura.

Mzee wetu angesema: "Unaona? Uwazi umemwangusha." Mimi nauliza, je, kabla ya siku ile watu wa Leningrad walikuwa wanampenda? Kura haikuleta chuki mpya. Ilihesabu iliyokuwepo. Mkaguzi akikuta sanduku la fedha ni tupu, hatusemi mkaguzi ndiye aliyeiba.

*5. WAPI GORBACHEV ALIKOSEA*

Sitaki mtoke hapa mkidhani uwazi peke yake unatosha. Haukutosha, na makosa yake yana mafunzo. Nataja matatu.

Kwanza, alifungua midomo kabla hajajaza maduka. Kampeni ya Mei 1985 dhidi ya ulevi iliinyima hazina mapato makubwa, watu wakatengeneza pombe majumbani, na sukari ikaadimika. Kuanzia Januari 1988 mameneja wa viwanda walipewa uhuru zaidi, pamoja na wa kupandisha mishahara, lakini bei nyingi ziliendelea kupangwa na serikali. Fedha mikononi zikaongezeka, bidhaa hazikuongezeka, rafu zikabaki tupu. Bei ya mafuta nayo ilikuwa imeporomoka duniani mwaka 1986. Julai 1989 wachimba makaa ya mawe waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa sabuni ya kuogea. Mtu aliyetoka shimoni akiwa mweusi tii hashibi uhuru wa magazeti. Anataka na sabuni.

Pili, yeye mwenyewe hakupimwa na wananchi. Mwaka 1989 aliingia barazani kupitia viti 100 vilivyotengwa kwa ajili ya chama. Machi 1990 alichaguliwa rais na baraza lile lile. Juni 1991 Boris Yeltsin alipigiwa kura na wananchi wa Urusi na kushinda. Tangu hapo mmoja alikuwa na kura za watu, mwingine alikuwa na cheo.

Tatu, jamhuri zilizotaka kujitenga zilipoinuka, jeshi lilijibu mahali ambapo yalihitajika mazungumzo: Tbilisi Aprili 1989, Vilnius Januari 1991. Huwezi kuhubiri uwazi mchana na kupeleka vifaru usiku.

*6. MILIONI 19 WALIKUWA WAPI?*

Tarehe 19 Agosti 1991 viongozi wenye msimamo mkali walijaribu kumpindua Gorbachev akiwa likizo Crimea. Vifaru viliingia Moscow. Wananchi wakajaa mbele ya bunge la Urusi, na baada ya siku tatu jaribio likafa. Tarehe 23 Yeltsin alisimamisha shughuli za chama nchini Urusi. Tarehe 24 Gorbachev akajiuzulu ukatibu mkuu. Novemba chama kikapigwa marufuku Urusi. Tarehe 25 Desemba Gorbachev akaacha urais, na nchi ikawa imekwisha.

Sasa turudi kwenye ile namba. Mamilioni walikuwa wamesharudisha kadi. Lakini bado mamilioni walikuwemo daftarini, na kila tawi lilikuwa na katibu. Makao makuu ya chama Moscow yalipofungwa, hawakutoka kuyatetea. Wengi hawakuwa maadui wa chama. Walikuwa wamejiunga kwa ajili ya kazi, nyumba au cheo, na tawi liliwaandika kwa sababu juu walitaka namba. Ile milioni 19 ilikuwa ni pamba ya Uzbekistan.

Hilo ndilo jibu langu kwa mzee. Kilichoua chama ni miaka mingi ya kuandika visivyokuwepo. Uwazi ulikuja wakati deni limeshakuwa kubwa kuliko uwezo wa kulipa. Ungekuja miaka 20 kabla, huenda ungeponya.

Nchi yetu ilijifunza jambo hapo. Mwaka 1990, baada ya kuona yaliyotokea Ulaya Mashariki, Mwalimu Nyerere alisema kuwa kujadili vyama vingi kusionekane ni mwiko. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchini mwaka 1991, karibu watu 8 katika kila 10 waliotoa maoni walitaka tubaki na chama kimoja. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikapita 1992. Ripoti ingeweza kuandika yale tu yanayopendeza na ikasimama hapo. Tulibadilika wakati bado tuna nguvu ya kubadilika.

*7. SASA SISI*

Ndugu wanachama, hapa ndipo mada inaponiuma.

Daftari letu lina majina yaliyoandikwa mara mbili. Lina vijana waliohamia mjini na hawajarudi. Lina marehemu, na mmojawao nilibeba jeneza lake. Zaidi ya nusu ya waliomo hawajalipa ada mwaka huu. Na taarifa iliyokwenda ngazi ya kata miaka miwili mfululizo imebeba idadi ileile ya zamani, na saini iliyopo chini ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia kwamba tukipunguza namba tutapunguziwa wajumbe, na tawi litadharaulika. Ndiyo sababu ile ile ya mwenyekiti wa shamba la pamba.

Halmashauri ya tawi imekubali yafuatayo:

- Jumamosi ijayo daftari lote litabandikwa ukutani ofisini, shina kwa shina. Kila kiongozi wa shina ahakikishe watu wake.
- Kitabu cha fedha na stakabadhi zote za mwaka huu vitakuwa mezani siku nzima. Mwanachama yeyote hai anaruhusiwa kuvifungua na kuuliza.
- Taarifa mpya kwa kata itabeba idadi ya kweli, pamoja na barua yangu inayoeleza makosa ya taarifa zilizopita.

Tutakuwa wachache. Huenda tukapoteza wajumbe wawili au watatu kwenye mkutano wa kata, na wenzetu wa matawi mengine watatucheka. Kuhusu mimi, uchaguzi wa tawi unakaribia, na mkiona mtu aliyesaini taarifa ile hafai kuendelea kushika kalamu, semeni kikaoni bila kuogopa. Nitakabidhi vitabu vikiwa sawa.

Lakini siku tukihitajika, nataka niite majina 100 na waitike watu 100.

Naomba kuwasilisha.

*Katibu wa Tawi*

_Kumbusho: Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, ofisi ya tawi. Njoo na kadi yako na stakabadhi ya mwisho ya ada._