Je, Anayemtibu Mwanao Ana Leseni?

Leo tunazungumza na akina mama, akina nyanya na walezi wote kuhusu swali ambalo wengi wetu tunaona haya kuliuliza: huyu anayemdunga mwanangu sindano amesajiliwa?

Mtoto akipata homa usiku, mama hukimbilia kliniki iliyo karibu. Humo hukuta mtu aliyevaa koti jeupe. Kwetu, kila anayeshika sindano tunamwita daktari. Lakini koti jeupe linauzwa dukani, na yeyote anaweza kulinunua. Leseni ndiyo inayoonyesha kuwa mtu amesomea kazi hiyo.

Hapa Kenya, Baraza la Wauguzi liliundwa kwa Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, ya mwaka 1983. Baraza hilo husimamia mafunzo ya wauguzi na wakunga, huwatahini, huwasajili na kuwapa leseni. Kumaliza chuo peke yake hakutoshi. Ni lazima mtu apite mtihani wa Baraza ndipo jina lake liandikwe katika rejista. Tena leseni ina mwisho wake. Muuguzi anapoihuisha, hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza, kwa sababu dawa na njia za kutibu hubadilika.

Wauguzi nao hawalingani. Wako wenye cheti, diploma na shahada. Wengine wamerudi chuoni kusomea zaidi huduma ya watoto, wagonjwa mahututi, figo au kazi ya chumba cha upasuaji. Na muuguzi anayetaka kufungua kliniki yake mwenyewe huhitaji leseni nyingine ya kazi hiyo. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, na madaktari wana lao.

Mama, jambo hili linakuhusu kwa nini? Kipimo cha dawa ya mtoto mara nyingi hufuata uzito wake. Asiyefunzwa anaweza kumzidishia. Sindano ya tako ikidungwa mahali pasipofaa inaweza kuumiza mshipa wa fahamu, na mtoto akabaki akichechemea. Tena muuguzi aliyefunzwa hujua ugonjwa uliomzidi, naye humtuma mtoto hospitalini mapema.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, zoea kuikagua kliniki ya karibu wakati mtoto ni mzima. Tazama kama leseni imetundikwa ukutani. Soma jina na tarehe yake ya mwisho.

Pili, uliza kwa heshima: "Samahani sista, wewe umesajiliwa kama nani? Naomba kuona leseni yako." Muuguzi wa kweli hatakasirika. Aliitolea jasho leseni ile.

Tatu, ukiwa na shaka, uliza Baraza la Wauguzi, au ofisi ya afya ya kaunti yako ndogo. Ukitendewa vibaya, Baraza hupokea malalamiko, na lina uwezo wa kumwadhibu muuguzi aliyekosa. Asiye na leseni ni kazi ya polisi.

Nne, weka kitabu cha kliniki cha mtoto. Omba kila dawa na kila chanjo iandikwe humo.

Lakini sikiza vizuri, mama. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akilegea na kutoamka, usipoteze wakati ukikagua karatasi. Mkimbize katika hospitali au kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Ndiyo maana tunasema ukague mapema.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Muuguzi mwema ameundwa kwa masomo, mitihani na miaka ya kazi. Mheshimu. Na umwombe akuonyeshe leseni, kwa kuwa mwili anaoushika ni wa mwanao.