Familia Inayofundisha Nyumbani Isiachwe Peke Yake



Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 26, lawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Haki hiyo si ruhusa ya kumtelekeza mtoto.

Mwaka 1977 huko Boston, Marekani, John Holt, aliyekuwa mwalimu, alianzisha jarida la familia ambazo watoto wao walijifunza bila shule. Humo wazazi waliulizana juu ya sheria, wakatiana moyo mtoto alipochelewa kusoma, wakapeana anwani.

Basi, jirani achaguaye njia hiyo tusimtenge. Tumwulize mtoto anajifunza nini, kisha tumfungulie karakana na maktaba zetu. Mtoto ajiongozaye huhitaji walimu wengi zaidi, si wachache.