TUMTAZAME KIWAVI KABLA YA KUMWUA

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo



Leo tutazungumza juu ya mdudu. Tena mdudu mwenyewe mnamjua. Ni yule kiwavi mkubwa, mnene kama kidole, mwenye pembe nyuma, ambaye mnakutana naye kwenye matuta ya viazi vitamu.

Kwanza tuungame kosa letu. Msimu uliopita mama mmoja wa kisomo alituletea kiwavi huyo darasani juu ya jani. Akauliza, "Mwalimu, huyu ni mdudu gani? Eti pembe yake ina sumu?" Sisi walimu tukatazamana. Hakuna aliyejua. Badala ya kusema hatujui, tukamjibu, "Ua tu huyo mama, ni mharibifu." Darasa likacheka, tukaendelea na hesabu.

Mama yule akaenda kuua kweli. Jirani alimpa dawa ya pamba iliyobaki, imetiwa kwenye chupa ya soda. Jioni akapulizia matuta yote. Kesho yake, yeye yuko mnadani, binti yake akachuma matembele pale pale akapika. Usiku watu wanne wa nyumba ile walikuwa wanatapika, jasho linawatoka, mate yanawajaa mdomoni. Majirani waliwawahisha zahanati, wakapona wote.

Jamani, mama yule anasoma vizuri sana. Lakini chupa ile ilikuwa na maandishi gani ya kusoma? Ilikuwa na jina la soda tu.

Tangu siku hiyo tukaona aibu, tukaamua kujifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mambo matatu ya kutazama

Ukimwona kiwavi usiyemjua, usikimbilie bomba. Tazama mambo matatu. La kwanza, yuko kwenye mmea gani? Viwavi wengi huchagua chakula, kwa hiyo mmea peke yake unakupa nusu ya jibu. La pili, mwili wake ukoje? Ana pembe, ana manyoya, ana mistari au madoa? La tatu, amekula kiasi gani, na wako wangapi? Kiwavi mmoja siyo vita.

Mwenye pembe kwenye viazi

Huyu tuliyemdharau darasani ni mtoto wa nondo. Akikomaa hufika urefu wa sentimeta tisa au zaidi. Wengine ni kijani, wengine kahawia, na ubavuni wana mistari iliyolala upande. Mara nyingi utaona kwanza mavi yake chini ya majani, punje nyeusi kubwa kama za mtama au kupita. Tafuta hapo juu yake, utamwona.

Pembe yake ni laini. Haichomi wala haina sumu. Tumemshika kwa mikono yetu wenyewe mbele ya darasa, na mikono hii mnaiona.

Tulichukua mmoja tukamweka kwenye ndoo yenye udongo, tukafunika kwa kitambaa, tukawa tunampa majani ya viazi kila siku. Alikula sana! Siku moja tukakuta hayupo. Alikuwa amejichimbia udongoni na kugeuka pupa. Pupa wake ni wa rangi ya kahawia, na mbele ana kitu kilichojikunja kama mpini wa jagi. Nadhani wengi wenu mmemfukua kwa jembe bila kujua ni nani. Baada ya wiki tatu hivi akatoka nondo mkubwa wa kijivu, tumbo lake lina mabaka ya rangi ya waridi kila upande. Tukamwachia jioni, akaruka.

Nondo wa ukoo huu wana ulimi mrefu sana. Jioni huenda kwenye maua kunyonya maji matamu. Na hapa akina mama wenye mipapai wasikilize vizuri. Nondo hawa ndio wanaochukua unga wa maua ya mpapai dume na kuupeleka kwenye mpapai jike, ili papai lishike. Kwa hiyo huyu anayekula matembele yako leo, kesho anakutafutia papai.

Hatusemi mumwachie ale shamba lote. Wakiwa wengi kwenye mashina machanga wanaleta hasara. Lakini viazi vilivyokwisha kutambaa huchipua tena. Waokoteni kwa mkono asubuhi, muwape kuku. Mkilima, pupa wanafukuliwa, na ndege na kuku wanawamaliza.

Wa mchungwa na mlimao

Huyu akiwa mdogo ni mweusi mwenye doa jeupe, utafikiri ni mavi ya ndege. Ndiyo kinga yake hiyo, ndege wasimtamani. Akikua anakuwa kijani mwenye mabaka ya kahawia. Ukimgusa anatoa nyuma ya kichwa kitu chekundu chenye pacha mbili, na harufu kali. Watoto husema ni ulimi wa nyoka. Siyo ulimi, wala hang'ati. Ni kutisha tu. Huyu huwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Kwenye mche mdogo anaweza kumaliza majani yote, kwa hiyo mtoe. Kwenye mti mkubwa hasara yake ni ndogo.

Mwenye manyoya

Huyu ndiye msimguse kwa mkono mtupu. Kuna aina nyingi za viwavi wenye manyoya. Si wote wanaowasha, lakini sisi hatuwezi kuwatenga kwa macho, basi tuwaheshimu wote. Waondoeni kwa kijiti. Manyoya yakikupata, usijikune. Bandika gundi ya karatasi juu ya ngozi na uibandue, manyoya yatatoka nayo. Kisha osha kwa maji na sabuni. Yakiingia jichoni, au mtu akianza kuvimba uso au kuhema kwa shida, nenda zahanati mara moja.

Mdogo mwenye herufi

Sasa tumtaje mwizi mwenyewe. Huyu hafiki hata nusu ya yule mwenye pembe, lakini ndiye anayetuletea njaa. Ni kiwavijeshi vamizi. Kwao ni Amerika. Alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshafika katika mahindi yetu hapa Tanzania.

Kumtambua ni kazi ya msomaji. Mtazame usoni. Utaona alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa juu chini. Herufi hiyo mnaijua, mliiandika wenyewe ubaoni. Kisha tazama karibu na mkia, utaona madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Ukiona Y na madoa manne, huyo ndiye.

Anajificha katikati ya mhindi, pale majani machanga yanapochomozea, na anaacha mavi kama unga wa msumeno. Mkulima anapita njiani anasema mahindi ni mazuri. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Kagueni shamba mara mbili kwa wiki tangu mahindi yakiwa machanga. Mayai yake huwa chunguchungu kwenye jani, yamefunikwa kama na pamba chafu. Yapondeni kwa vidole. Viwavi nao watoeni muwaue. Wakizidi nguvu zenu, mwiteni bwana shamba mapema, kabla kiwavi hajakua na kuzama ndani.

Habari ya dawa

Ndugu zetu, mmeona sasa. Yule mkubwa wa kutisha hakustahili sumu, na huyu mdogo ndiye wa kukaguliwa kila wiki. Mama yetu aliumiza watoto wake kwa ajili ya mdudu ambaye angemwokota kwa mkono.

Dawa ikibidi, someni karatasi ya chupa. Inasema ni ya zao gani, kipimo gani, na mngoje siku ngapi kabla ya kuvuna. Ukiona mstari mwekundu, hiyo ni sumu kali kupita zote. Dawa ya pamba msitie kwenye mboga. Dawa msiigawe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Dawa isiyo na maandishi ikataeni, hata akiwapa ndugu. Mtu akidhurika, mkimbizeni zahanati pamoja na chupa yenyewe, mganga apate kusoma.

Na tangu leo, mkiokota mdudu msiyemjua, mleteni darasani katika kopo. Tutamtazama pamoja. Na mwalimu asipojua, aseme hajui, halafu akaulize.



Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, nyumbani kwako kuna dawa iliyotiwa kwenye chupa isiyo yake? Utafanya nini leo?
2. Taja alama mbili za kiwavijeshi vamizi.
3. Kwa nini tusiwaue viwavi wote wenye pembe?
4. Kesho asubuhi kagua mihindi kumi shambani kwako. Andika umeona nini, uje usomee wenzako.