Gari Dogo, Betri Kubwa na Fedha ya Korosho

(Maelezo yaliyotayarishwa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Masasi na Newala)



Kila mwaka, minada ya korosho inapofunguliwa mwezi wa Oktoba na malipo yanapoanza kuingia katika akaunti za wakulima, mazungumzo ya barazani hubadilika. Yale yaliyokuwa ya salfa na ubwiriunga huwa ya magari. Masasi mjini, Ndanda, Kitangari na Newala, hapakosi watu wawili watatu waliosimama kando ya gari lililofunguliwa boneti, kila mmoja akiwa na hoja yake, na mwenye gari akisikiliza kwa wasiwasi.

Hoja zenyewe ni za makundi matatu. Wako wanaosifu magari ya haibridi, yaani yale yatumiayo petroli na umeme kwa pamoja, kama Toyota Prius na Toyota Aqua, wakisema kwamba hayali mafuta. Wako wanaotaka magari madogo yaliyoinuliwa kutoka ardhini, ambayo vijana huyaita krosova, kama RAV4 na Honda Vezel, wakisema kwamba gari la chini halifai kwa mchanga wa Newala. Na wako wazee wachache wasemao kwamba pikipiki inatosha, na aliyebaki na fedha anunue bati. Mjadala huu si wa kupuuzwa, kwa maana fedha inayojadiliwa ni jasho la mwaka mzima, na katika baadhi ya vyama ni fedha ya wanachama wote.

Yafaa kwanza kueleza jinsi gari la haibridi linavyofanya kazi, kwani mengi yasemwayo juu yake hutokana na kutolijua. Prius ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Gari la namna hii lina injini ndogo ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa ambayo ni tofauti kabisa na ile betri ya kawaida ya kuwashia. Halichomekwi ukutani. Dereva anapokanyaga breki au anapoteremka mlima, ile nguvu ambayo katika gari jingine hupotea kama joto la breki hugeuzwa kuwa umeme na kurudishwa katika betri. Gari linapoondoka tena, umeme huo huisaidia injini. Kwa sababu hiyo faida yake huonekana zaidi mjini, mahali pa kusimama na kuondoka, kuliko katika safari ndefu ya mwendo mmoja.

Betri ya Prius iliyotoka mwaka 2003 ina vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu rafuni, na kwa pamoja hutoa volti zaidi ya 200. Ya Aqua ina vipande 20, volti 144. Kipande kimoja kikichoka, vyote huathirika, maana umeme hupita katika kimoja kwenda kingine kama foleni ya watu wapokezanao ndoo. Akitokea mmoja mlegevu, maji yote huchelewa.

Sasa, je, betri hiyo ni dhaifu? Hapana. Mjini Vancouver, nchini Kanada, moja ya Prius za kwanza kufanywa teksi ilikwenda zaidi ya kilometa 300,000. Hoja hii hutolewa mara nyingi na wapenzi wa haibridi, nao hawasemi uongo. Lakini teksi hutembea kila siku, katika lami, na katika nchi ya baridi. Gari la mkulima wa korosho halitembei hivyo.

Mwenendo wa gari katika uwanda wa Makonde hufuata msimu. Kuanzia Oktoba hadi Januari hutembea sana: benki, ghalani, harusini, mazikoni, Mtwara na kurudi. Baada ya hapo mfuko hupungua, na ifikapo Aprili gari limeegeshwa chini ya mwembe. Huenda likatolewa mara moja au mbili kubeba mifuko ya salfa, kisha likarudishwa. Kwa gari la kawaida, kukaa hivyo huharibu betri ndogo tu, ambayo hununuliwa dukani. Kwa haibridi yenye betri ya nikeli, vipande vile hupoteza umeme polepole hata gari likiwa limezimwa, wala havipotezi kwa kiasi kimoja. Baada ya miezi mingi ya kusimama, kimoja kina umeme mwingi na kingine kidogo, na siku ya kuwashwa vile vilivyo dhaifu huumia. Dawa yake ni rahisi: gari liwashwe na kutembezwa nusu saa hivi angalau mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu. Ni wangapi wafanyao hivyo mwezi wa Juni, wakati petroli inashindana na ada ya shule?

Jambo la pili ni vumbi. Betri kubwa hupoozwa kwa hewa. Iko feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma au chini yake. Barabara ya vumbi ikipitwa na madirisha yakiwa wazi, feni hiyo humeza vumbi mpaka huziba. Betri hupata joto, na joto ndilo adui yake mkubwa. Ubaya huongezeka pale kiti cha nyuma kinapopangwa gunia la mihogo, ndoo za maji na watoto wanne, tundu la hewa likafunikwa kabisa. Mwenye gari hajui kwamba amefanya kosa lolote. Tundu hilo lionyeshwe kwa kila mtu atakayeendesha gari, na feni ifunguliwe na kusafishwa kabla ya msimu na baada yake.

Salfa nayo ina hatari yake. Unga wa salfa hushambulia shaba, na vipande vya betri huunganishwa kwa mikanda ya shaba. Mfuko wa salfa uliopasuka ndani ya gari lenye feni iliyo wazi hupeleka unga huo mahali pabaya. Salfa ibebwe kwa pikipiki ya magurudumu matatu au kwa pikapu.

Mteremko wa kutoka Newala kuelekea Masasi pia hudanganya. Madereva hufurahi kuona kipimo cha betri kikijaa bure. Lakini betri hujaa mapema kabla ya kufika chini, na ikishajaa haiwezi kupokea zaidi. Hapo breki za kawaida hubaki na kazi yote, nazo hupata moto. Gia yenye herufi B imewekwa kwa ajili hiyo hasa, ili injini isaidie kulizuia gari, na yapasa kutumiwa tangu mteremko unapoanza. Wakati wa kupanda mambo hugeuka: betri huishiwa, na injini ndogo hubaki peke yake na abiria watano na mizigo yao.

Kuhusu krosova hapana haja ya maneno mengi. RAV4 ilitoka mwaka 1994, na tangu hapo makampuni mengi yamefuata njia hiyo ya kuchukua umbo la gari dogo la mjini na kuliinua. Tofauti ya kimo ni ya kweli: Aqua ina nafasi ya sentimeta 14 hivi chini ya tumbo, na Vezel ina 18 hivi. Sentimeta nne ndizo zinazotenganisha kupita na kukwama katika nyayo za lori baada ya mvua. Hata hivyo, kuinuliwa si sawa na kuwa na nguvu katika magurudumu yote manne. Nyingi ya krosova ziletwazo huendeshwa na magurudumu ya mbele tu, na katika mchanga mzito hukaa kama kuku anayeatamia. Tena Vezel ya haibridi, ambayo ilianza kuuzwa Desemba 2013, ina gia za kujiendesha zenye klachi mbili. Kampuni yenyewe iliyaita magari hayo yarudishwe kurekebishwa zaidi ya mara moja katika mwaka wake wa kwanza. Klachi za namna hiyo hazipendi kupanda mlima wa mchanga kwa mwendo wa konokono. Anayeitaka aitake kwa kujua hayo.

Iliyobaki ni hesabu, na hapa makatibu wataombwa uvumilivu.

Uchukuliwe mfano wa mtu anayekwenda kilometa 12,000 kwa mwaka. Gari la kawaida liendalo kilometa 12 kwa lita litatumia lita 1,000. Haibridi iendayo kilometa 16 kwa lita katika njia hizo hizo itatumia lita 750. Akiba ni lita 250, na lita ikiwekwa kuwa shilingi 3,000, ni shilingi 750,000 kwa mwaka. Si haba. Sasa ichukuliwe kwamba betri na ufundi wake ni shilingi 3,000,000. Gari litailipa betri hiyo kwa akiba ya miaka minne, na baada ya hapo mwenyewe anaanza kupata faida.

Lakini yule wa mwembeni haendi kilometa 12,000. Akienda 4,000, akiba yake kwa mwaka ni shilingi 250,000, na betri ile ile itamchukua miaka 12 kuilipa. Gari lenyewe alilinunua likiwa limekwisha kutumika Japani miaka kumi. Kwa maneno mengine, haibridi humfaa atembeaye sana, na humtia hasara atembeaye kidogo. Shilingi 3,000,000, korosho ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo kabla ya makato, ni tani moja nzima.

Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kubadilisha kipande kimoja kilichokufa. Mara nyingine hufaulu kwa miezi michache, kisha kipande cha jirani hufuata, kwa maana vyote vilizeeka pamoja. Kinachotisha zaidi ni usalama. Nyaya za rangi ya chungwa zilizomo katika magari hayo hubeba umeme wa kuua. Fundi asiye na glavu maalumu za mpira, asiyejua kuondoa kizibo cha usalama na kungoja kabla ya kugusa, asiruhusiwe kufungua betri hiyo, hata kama ni shemeji wa mwenye gari. Na kabla ya kununua, betri ipimwe kwa mashine isomayo kila kipande, gari likiwa limetoka barabarani na lina joto, si lililowashwa asubuhi uani kwa muuzaji.

Sasa, Ndugu Makatibu, limebaki suala la gari la chama. Historia ya eneo hili inatoa sababu za kutosha za kuwa waangalifu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi yao ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Haikuwa mpaka sheria ya 1982 ndipo vyama vikaruhusiwa kurudi. Uzalishaji wa korosho nchini, uliokuwa umefikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, ulikuwa umeanguka chini ya tani 20,000 ilipofika msimu wa 1986/87. Na mwezi wa Oktoba 2018, baada ya msimu uliotangulia ambao bei iliwahi kufika shilingi 4,000, wanunuzi walileta minadani bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000. Wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi walizikataa, na mwezi wa Novemba malori ya jeshi yakaingia kazini kukusanya korosho. Chama kilichokopa gari kwa kutegemea ushuru wa msimu uliopita, msimu kama huo kingelilipa kwa nini?

Kwa sababu hiyo ombi la gari lisiletwe katika mkutano mkuu likiwa na bei ya kununulia peke yake. Liandikwe pamoja na bima, matairi, uchakavu, idadi ya kilometa zinazotarajiwa kwa kufuata daftari la safari za mwaka uliopita, na kama ni haibridi, fungu la betri linalotengwa kila msimu tangu msimu wa kwanza. Mkopo usivuke ukomo wa madeni uliothibitishwa na Mrajis. Daftari la safari likionyesha kwamba katibu hwenda benki na ghala kuu mara mbili kwa wiki kwa miezi minne, na kisha mara moja kwa mwezi, basi wale wazee wa pikipiki wasikilizwe kwanza. Korosho yenyewe haitabebwa na Aqua wala Vezel. Itaendelea kubebwa na malori.

Na mkutano ukikubali, kadi ya gari iandikwe jina la chama, si la mwenyekiti kwa niaba ya chama. Ufunguo wa pili ukae katika kasha la fedha, na daftari la safari lisainiwe na dereva kabla ya kuondoka.