MARADHI YENDAYO NA KURUDI
Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Laiser Hill



Mmetupa ruhusa tuseme machache juu ya maradhi ambayo wengi wetu hatukuyajua mpaka yalipoingia katika nyumba ya mwenzetu. Twaanza na kosa letu wenyewe.

Mama mmoja, aliyekuwa akitukusanyia michango upande wa Kitengela, aliugua jicho moja. Kila alipolizungusha lilimwuma, na rangi zikafifia. Baada ya majuma machache akaona tena vizuri, nasi tukamshukuru Mungu, tukasahau. Mwaka uliofuata mguu wake ulikufa ganzi, akawa ayumba njiani. Wengine wakanong'ona kwamba anakunywa pombe. Nasi, bila kumwuliza neno, tukamwondoa katika kazi ya fedha. Mguu ulipona, heshima yake haikurudi.

Maradhi hayo madaktari huyaita maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris aliyaeleza mwaka 1868. Mishipa ya fahamu imefunikwa kwa utando, mfano wa mpira juu ya waya wa umeme. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea ikaushambulia utando huo katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Hayaambukizi, wala si laana. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Zamani yalidhaniwa kuwa ni ya Wazungu tu. Lakini mwaka 1970 madaktari Foster na Harries waliandika katika jarida la British Medical Journal habari zake kwa Mwafrika.

Dalili zake ni hizi: jicho kufifia pamoja na maumivu, ganzi au udhaifu wa kiungo, kuyumba, mshtuko kama wa umeme kupita mgongoni mtu ainamishapo shingo, haja ndogo isiyozuilika, na uchovu usioondolewa na usingizi. Dalili kama hizo zikidumu zaidi ya siku moja, mgonjwa aende kwa daktari, wala asingoje zipoe. Kupoa kwake ndiko kunakotudanganya.

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Kwa kawaida daktari hutafuta ushahidi kwamba mishipa imeshambuliwa zaidi ya mahali pamoja na zaidi ya mara moja. Hutazama picha za mashine ya sumaku, pengine hupima maji ya uti wa mgongo, na hupima damu ili kuyatenga maradhi yanayofanana nayo. Mojawapo ni niuromailaitisi optika, ambayo baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi huizidisha. Basi dawa ya mgonjwa mmoja asipewe mwingine.

Mwenzetu alipopatwa mara ya tatu, daktari wa mishipa mjini Nairobi alimwuliza tarehe za mara mbili za kwanza. Hakuzikumbuka. Zilionekana katika daftari letu la mikutano: ukurasa mmoja una udhuru wake wa kutofika kwa ajili ya jicho, na mwingine una azimio letu la kumwondoa. Maandishi yaliyomwaibisha ndiyo yaliyomsaidia daktari.

Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana. Shambulio hutulizwa kwa steroidi, na ziko dawa za kupunguza mashambulio yajayo. Mwezi wa Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha yake ya dawa za lazima. Mazoezi ya viungo nayo yafaa. Joto huzidisha dalili kwa muda. Kwa hiyo katika jua letu la Kajiado mgonjwa na afanye kazi zake asubuhi, na mchana akae kivulini.

Twaomba mambo manne. Kila nyumba iandike tarehe ya dalili ilipoanza na ilipokoma. Ayumbaye aulizwe kabla ya kuhukumiwa. Msaada wa Chama usikatwe kwa kuwa mgonjwa aonekana amepona. Na azimio lile juu ya mama yetu lifutwe leo mbele yenu, na kufutwa kwake kuandikwe katika daftari lile lile, pamoja na tarehe.